Kocha asiye na jina: kisa cha dogo wa Sinza na timu mbili za daraja la sita

## Kisa hiki ni cha nini

Wengi tunaocheza Football Manager, ile gemu ya kompyuta ya kuwa kocha wa timu, huku Dar tunaanzaga juu. Unafungua gemu unachukua Arsenal au Man City, unanunua watu wa mamilioni, ukibeba makombe mawili msimu wa kwanza unatamba kijiweni kwamba we ni kocha. Kuna staili nyingine ya kuanza bila timu, bila leseni, bila jina, unatembeza bahasha kama mtu anaetafuta kibarua Kariakoo. Kisa hiki ni cha staili hio. Nimekiandika kwa sababu nilikikalia karibu toka mwanzo, na kwa sababu makosa yaliyofanyika humo nimeyaona kwa kila mtu aliyejaribu hii njia, mimi mwenyewe nikiwemo.

Muhusika ntamwita M. Ni dogo wa miaka ishirini na kitu, anakaa Sinza, mchana anauza duka la watu mjini. Herufi hio haina uhusiano na jina lake, timu alizofundisha ntaziita Klabu A na Klabu B, na wachezaji sijamtaja hata mmoja, mana huko ligi za chini majina mengi kwenye gemu ni ya watu halisi kabisa wenye kazi zao, sio vizuri kumuandika mtu kwamba kagomea kocha wakati ye mwenyewe yuko zake anaendesha gari la mizigo hajui kitu. Taarifa nimezitoa kwenye sevu ya M, yani faili gemu inapohifadhi ulipofikia, na kwenye kauntabuku aliyokua anaandikia kila mechi, na mengine nilikuepo nikishuhudia, nimekaa kwenye ndoo.

## Mazingira yalivyokua

Toleo ni la 2024. Utauliza kwanini la zamani. La 2025 lilifutwa Februari 2025 kabla halijatoka, la 2026 lilipokuja Novemba 2025 laptop ya M ikawa hailiwezi, basi. Hio laptop ni ya mtumba, betri ilishakufa siku nyingi, umeme ukikatika inazima hapo hapo kama taa ya chumbani, kwa hio aliiseti gemu ijisevu yenyewe kila wiki ya ndani ya gemu.

Alichagua kuanza bila kazi. Kwenye kutengeneza kocha kuna vitu viwili unajaza, ulicheza mpira kiwango gani na una leseni gani, na vyote viwili aliweka chini kabisa: mchezaji wa mechi za Jumapili, leseni hamna. Watu wanapita hapo haraka wakidhani ni mapambo. Kumbe hapo ndo gemu inaamua jina lako linaanzia wapi, na jina ndo linaamua nani atakuita kwenye usaili, mchezaji gani atakubali kuja kwako, na hili la tatu ndo wengi hawalijui, mchezaji ukimfokea atanyamaza au atakupandishia.

Ligi alizofungua ni za Uingereza mpaka daraja la 6, yani National League North na National League South. Kila moja ina timu 24, mechi 46, bingwa anapanda moja kwa moja, wa 2 mpaka wa 7 wanaingia mtoano kugombea nafasi moja iliyobaki, wanne wa mwisho wanashuka. Wachezaji wengi huko mpira ni kazi ya pili, wanatoka kazini jioni ndo wanakuja mazoezini, tena sio kila siku. Ukitaka picha ya karibu fikiria ndondo. Wapo wachezaji hawana hata mkataba wa maana, wanalipwa wakicheza, na timu yoyote ikija na dau wanaondoka kesho yake bila klabu kupata hata mia, sawa sawa na yule winga uliecheza nae Jumamosi Tandale alafu Jumapili unamkuta Mburahati kavaa jezi ya wapinzani wenu na anakusalimia freshi kabisa.

Kwanini hakuanzia Bongo? Ligi yetu haimo. Kwa Afrika nzima ligi inayochezeka bila kuongezea mafaili ya mtaani, yale wacheza gemu wanatengeneza wenyewe, ni ya Afrika Kusini tu. Alichoambulia ni kile anachofanya kila Mtanzania akifungua hii gemu, kumtafuta Samatta, akamkuta PAOK kule Ugiriki, akaangalia namba zake dakika mbili tatu, akafunga ukurasa.

Sheria ya geto ilikua moja: hakuna kurudisha sevu ukifungwa. Umefungwa umefungwa.

## Kutembeza bahasha

Gemu ilianza Julai 2023. Kwenye kauntabuku kuna maombi 31 ya kazi mpaka katikati ya Novemba, na mengi ni ya aibu, kuna timu za League One (daraja la 3) mle, kuna moja ya Championship (daraja la 2). Nilipomuuliza akasema "kaka kuomba si bure?" Ni bure kweli, ila alipoteza muda, mana jina la chini kabisa linasikilizwa na klabu zilizoko kwenye shida tu, tena za chini kabisa.

Usaili aliitwa mara tatu. Wa kwanza na wa pili aliomba fungu la mishahara liongezwe kabla hata hajaajiriwa, akakosa. Wa tatu ulikua wa Klabu A, timu ya kaskazini, ipo nafasi ya 19, kocha kafukuzwa. Bodi ilitaka jambo moja, isishuke. M yeye akaenda mbele, akaahidi soka la kushambulia. Hakuna aliyemuomba. Aliahidi kwa sababu alidhani ndo lugha ya usaili, na ile ahadi ikaandikwa kwenye malengo ya klabu, yakawa sasa mambo mawili anayopimwa nayo badala ya moja.

## Klabu A: siku 95

Aliingia tarehe 14 Novemba 2023. Mechi ya kwanza akashinda 3-1, geto zima tukapiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango.

Fomesheni ilikua 4-2-3-1, wachezaji wanakaba juu muda wote, kasi ya mwisho. Aliitumia kwa sababu ilimpa makombe kwenye sevu ya Man City. Sasa Man City wanafanya mazoezi kila siku na wana benchi, hawa jamaa wanatoka kazini ndo wanakuja mazoezini. Mechi ya pili anaongoza 2-0 dakika ya 70, ikaisha 3-2 kafungwa. Nilikuja kuhesabu baadae kwenye kauntabuku, kwenye mechi zake 11 za mwanzo zaidi ya nusu ya magoli aliyofungwa yaliingia dakika 20 za mwisho, na pembeni ya kila moja kaandika "bahati mbaya". Bahati gani inakuja saa ile ile kila wiki?

Kwenye usajili ndo kulikua na sherehe. Alisajili wachezaji huru tisa ndani ya wiki tatu. Namna alivyowachagua ni kwa nyota, zile nyota ambazo gemu inakuwekea kwenye jina la mchezaji, akiona nyota tatu na nusu anabonyeza. Nyota hizo ni maoni ya msaidizi wako tu, na zinampima mchezaji kwa kumlinganisha na kikosi ulichonacho. Sasa kikosi chako kikiwa kibovu, mbovu mwenzao anaonekana almasi. Alafu msaidizi aliyemkuta pale, ukifungua ukurasa wake, uwezo wa kutambua kiwango cha mchezaji ana 5 kati ya 20. Yani M alikua anasajili kwa ushauri wa mtu ambae gemu yenyewe imeandika wazi kwamba hajui mpira. Fungu la mishahara likapitiliza, bodi ikaleta barua ya kwanza.

Tukio lililoua kila kitu lilitokea wiki ya kwanza ya Desemba. Nahodha, beki wa kati wa miaka 31, alipata kadi nyekundu kwenye mechi ya nyumbani wakafungwa. M kwa hasira akampiga faini ya mishahara ya wiki mbili. Jamaa akaja juu, kasema adhabu imezidi. Badala ya kulegeza, M akamuita tena na kumkosoa kiwango chake. Nilikuepo, nilimwambia dogo acha, akasema "huyu lazima ajue nani kocha." Kwenye ukurasa wa mahusiano ya kikosi huyo nahodha alikua juu kabisa, kiongozi wa timu, chini yake wapo wanne wanaomfata. Ndani ya siku mbili hao wanne wakaja ofisini mmoja mmoja. Siku ya tatu ikaja ile meseji ya kikosi kizima kutaka kikao.

Kwenye kikao M aliahidi vitu. Straika alilalamika hachezi, akaahidiwa nafasi. Ila alishasajili mastraika wawili wapya, wote nao wanataka kucheza, kwa hio ahadi ikavunjika Januari, na ahadi ikivunjika kwenye hii gemu hanuni yule mmoja tu, wanamfata na rafiki zake. Morali ya timu nzima ikawa nyekundu. Ndo siku aliniambia:

"Kaka hii timu inanichukia."

"Dogo, haikuchukii, haikujui."

Alicheka ila hakunielewa, na kiukweli hata mimi wakati ule nilisema tu kama utani.

Mwisho wa Januari bodi ikamuita. Kwenye vikao vya namna hio unaweza kujieleza au kuomba muda, M akaahidi pointi 8 kwenye mechi 5. Akapata 4. Tarehe 17 Februari 2024, Jumamosi, baada ya kufungwa 4-0, meseji ikaja ya kumshukuru kwa mchango wake. Timu alikua kaiacha nafasi ya 22, yani kaikuta ya 19 kaishusha tatu.

## Miezi ya kukaa bila kazi

Hapa hakuna mengi. Alitaka kufuta sevu, tukamzuia. Alibonyeza likizo gemu ikajiendesha yenyewe hadi msimu uliofata, huku nje maisha yanaendelea, dukani kulikua na mzigo mpya hakushika laptop karibu mwezi. Klabu A ilishuka daraja bila yeye na hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa.

Kitu pekee cha maana alichofanya ni kusoma kauntabuku yake mwenyewe kuanzia ukurasa wa kwanza, usiku mmoja umeme hamna, kwa tochi ya simu.

## Klabu B: kuanza tena, taratibu

Oktoba 2024 Klabu B, ya National League South, ikiwa nafasi ya 21, ikamuita. Safari hii kwenye usaili hakuahidi soka la aina yoyote. Hakuomba hela ya usajili. Aliomba kitu kimoja, klabu imlipie kozi ya leseni ya kwanza, ile ya C. Nilishangaa wakakubali, mana kwa klabu inayohesabu pauni ni gharama, ila nadhani kwa sababu hakuomba kingine chochote walikua hawana cha kubisha.

Wiki mbili za kwanza hakugusa kitu, na huu ndo uamuzi naoupenda kuliko yote. Aliacha fomesheni aliyoikuta, ambayo kwa kweli ilikua ile ile 4-2-3-1, akapunguza tu kukaba juu na kasi. Hakusajili. Hakumkosoa mtu, hata kipa aliyetoboka golini kwa mpira wa mita 40. Alifungua ukurasa wa mahusiano akaandika majina ya viongozi watatu wa kikosi kwenye kauntabuku, na kila wakicheza vizuri anawasifia, wakicheza vibaya ananyamaza. Mechi tano za kwanza alishinda moja, sare tatu, kafungwa moja. Hazimtishi mtu, ila hakuna aliyekuja kulalamika ofisini.

Alafu akageukia mikataba. Kati ya wachezaji wake wa kikosi cha kwanza, sita walikua wa kindondo, hawana mkataba wa kuwabana, na kulikua na timu mbili zinawachungulia. Alikaa nao mmoja mmoja akawapa mikataba ya nusu siku, ile ya wenye kazi nyingine, mpaka Juni 2026, mishahara ikapanda kidogo kidogo, pauni 30 hapa 40 pale kwa wiki. Bodi haikuipenda. Aliona bora alipe hizo kuliko kumpoteza winga bure Februari alafu aanze kutafuta mwingine katikati ya vita ya kushuka, na ilikua hesabu sahihi, mana mmoja wao Januari ilikuja timu ya daraja la juu kumtaka, ikabidi ilipe. Pauni 9,000 tu. Kwa klabu ile ilikua kama kushinda jakpoti.

Usajili nao aliugeuza. Kwa kua hana maskauti wa maana, na mchezaji usiyemjua gemu inakuonyesha namba zake kwa makadirio tu, akaanza kuwaita wachezaji huru kwenye majaribio. Ukimleta mtu majaribio wiki chache anafanya mazoezi na timu, namba zake zote zinafunguka, hujalipa kitu cha maana. Msimu huo aliwaita 14 akasajili watatu. Na alichokua anaangalia ni kasi, mchomoko na uwezo wa kuruka, vingine baadae. Huko chini namba nyingi ni 6, 7, 8 kati ya 20, kwa hio ukipata winga mwenye kasi ya 14 hata kama hajui kupiga krosi, beki wao hamkamati. Wacheza gemu wa siku nyingi hili wanalijua, injini ya mechi, yani ile sehemu ya gemu inayoendesha mechi, inawapenda wenye mbio. Mimi binafsi linaniudhi, napenda viungo wenye akili, ila ndo hivyo.

Kona pia. Beki wake mrefu kuliko wote anaenda nguzo ya karibu, mpira unapigwa hapo, basi. Kauntabuku inasema goli 14 za msimu ule zilitokana na kona. Klabu B ilimaliza ya 15.

Msimu wa 2025/26 ndo akafanya kosa jipya. Alichukua wachezaji wanne wa mkopo, vijana wa akademi za timu kubwa, wawili kati yao walikua moto, mpaka Krismasi timu ipo ya 2. Sheria ya huko inaruhusu watano wa mkopo kwenye kikosi cha siku ya mechi, kwa hio hakuvunja kitu. Ila hakusoma kipengele cha kuitwa nyumbani. Januari klabu zao zikawarudisha wale wawili moto ndani ya wiki moja, na M alikua hajaandaa mtu mwingine. Wakaporomoka wakamaliza ya 5. Mtoano wakamtoa wa 6 nyumbani 2-1, nusu fainali wakaenda kwa aliyemaliza wa 2 wakafungwa 1-0, kona, nguzo ya karibu. Tulicheka kwa uchungu.

Msimu huo huo kuna kisa cha umeme lazima nikiseme. Kombe la FA, raundi ya mchujo ya tatu, anaongoza 2-0 dakika ya 80, giza. Umeme uliporudi sevu ipo siku tatu kabla ya mechi. Ikabidi acheze upya, akafungwa 1-0. Geto liligawanyika, kuna waliosema arudie mpaka ashinde mana ushindi ulikua wake, wengine wakasema aliyezima umeme sio yeye lakini aliyefungwa ni yeye. Hakurudia. Kesho yake alianza kuulizia bei za zile UPS za mtumba, vile vifaa vya kushikilia umeme ukikatika.

2026/27 hakuchukua mkopo zaidi ya mmoja. Kombe la FA walianzia raundi ya mchujo ya pili, ndo timu za daraja la 6 zinapoingilia, wakafika raundi ya kwanza yenyewe, wakaenda kwa timu ya League One, wakapigwa 3-0 mbele ya uwanja uliojaa, na mapato ya mlangoni timu mbili zinagawana. Hela ile ndo ilimlipia leseni ya B. Kwenye ligi wakamaliza wa 3, mtoano wakapita nusu fainali, fainali ikaamuliwa kwa penati, kipa yule yule wa mita 40 akadaka mbili. Wakapanda National League, daraja la 5.

## Uchambuzi

M mwenyewe ukimuuliza atakwambia kilichomuokoa ni kuacha kukaba juu. Kina ukweli, zile goli za dakika za mwisho zilipungua kweli kweli. Ila mimi nabisha kwamba ndo sababu kubwa, na ushahidi ninao: timu zote mbili alianza na fomesheni moja, viwango vya wachezaji havikupishana sana, zote zilikua zinachungulia kushuka. Klabu A angepunguza kasi angeokoa pointi kadhaa, sawa, lakini ile ngoma ya nahodha ingemlipukia tu, na kikosi kilichokunja uso hakichezi hata ukipewa fomesheni ya malaika.

Tofauti naiona kwenye jina. Kocha mwenye jina kubwa ana akiba, anaweza kumpiga mtu faini, kumkosoa, kuvunja ahadi moja, na kikosi kikameza. Kocha aliyejaza "mchezaji wa Jumapili, leseni hamna" hana akiba yoyote, kila akifoka anakopa. M alikopa siku ya kwanza kwenye usaili, kwa kuahidi soka ambalo hakuna aliyeliomba, akakopa tena kwa nahodha, akakopa kwa straika, akamalizia kukopa kwa bodi pointi 8. Klabu B alikaa miezi mitatu anaweka tu: sifa kwa viongozi, mikataba kwa wale sita, kozi ya leseni, sare sare. Ilipofika msimu wa pili alimkosoa kiungo wake mmoja mvivu na jamaa akakubali akaomba radhi. Maneno yalikua yale yale aliyomwambia nahodha wa Klabu A, nilihakikisha, chaguo lile lile kwenye orodha.

Leseni nazo sio pambo. Kila ukimaliza kozi jina linapanda na uwezo wako wa kufundisha unaongezeka. Hata kwenye mpira wa kweli zina bei. Kocha Will Still, ambae nae amekua akihusishwa sana na hii gemu, alipopewa Reims ya Ufaransa mwaka 2022 hakua na leseni ya juu inayotakiwa, klabu ikawa inatozwa euro 25,000 kila mechi anayokaa kwenye benchi. Reims waliona analipika. Klabu ya daraja la 6 haiwezi kukulipia kitu hicho, lakini inaweza kukulipia kozi ya C, na M aliiomba wakati sahihi, yani kabla hajasaini, wakati wao ndo wana shida.

Sasa yasiyokaa sawa hata kwenye ushindi wake. Ile ya mkopo ilikua uzembe, hakuna jina jingine, alijenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu. Na msaidizi wa Klabu B alikua mbovu karibu kama yule wa A, akakaa nae mwaka mzima na kitu kabla ya kumbadilisha, wakati msaidizi mwenye jicho zuri kwa mishahara ya kule ni wa bei nafuu kuliko beki wa akiba. Mwaka mzima nyota zilikua zinamdanganya, kilichomsaidia ni kwamba alishaacha kuziamini. Pia alipoteza jioni nzima anatafuta Watanzania wa kuwasajili, akijua kabisa kwamba tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kujitoa Ulaya, mchezaji wa nje anahitaji pointi za kibali, na kwa timu ya daraja la 6 hio ni ndoto ya mchana. Sijui niiweke kwenye makosa au kwenye uzalendo.

Bahati ilikuepo pia. Klabu B aliikuta na beki wa kati mwenye kuruka 16, kwa daraja lile huyo ni mnara. Bila yeye zile kona 14 labda zingekua sita, na ukitoa goli nane kwenye timu iliyomaliza ya 15 unaanza kuiona mstari wa kushuka. Kwa hio mtu asichukue kisa hiki akadhani ukinyamaza wiki mbili na kusifia watu basi umepanda daraja.

## Hali ilipo sasa

Ndani ya gemu ni Agosti 2027, Klabu B imecheza mechi nne za National League, ina pointi tano. Jina la M limepanda, sasa hivi usaili anaitwa bila kuomba, wiki iliyopita alikataa timu moja ya League Two (daraja la 4) ya mkiani.

Beki wake mrefu kaumia goti, miezi minne nje. Akatafuta beki huru mzoefu, na nani katokea kwenye orodha, yule nahodha wa Klabu A, sasa ana miaka 35, hana timu, kuruka kwake bado 14. M akampelekea ofa ya mwaka mmoja, mshahara juu ya wenzake wote. Jibu likaja hapo hapo kabla hata mazungumzo hayajafunguka: hayuko tayari kufanya kazi na kocha huyu. Akajaribu tena baada ya wiki mbili, kaongeza na posho ya mechi. Jibu lile lile.